Supu ya maharage: Tujue kuipika, tujue na kuila



Wiki hii safu yetu inaingia jikoni. Tutazungumzia chakula ambacho hakuna nyumba isiyokijua, lakini kwa niliyoyaona kazini, ni nyumba chache zinazokipa haki yake. Chakula hicho ni maharage, na hasa supu yake. Ni chakula cha bei nafuu, kinashibisha, kinajenga mwili na kinasaidia kuongeza damu. Hata hivyo, kikipikwa vibaya kinadhuru, na kikiliwa vibaya sehemu kubwa ya faida yake inapotea. Makala haya yataeleza yote mawili, kupika na kula.

Mtoto mwenye viganja vilivyopauka

Asubuhi moja nilimpokea mama mmoja aliyekuja na mtoto wake wa kiume wa miaka miwili na nusu. Alimleta kwa sababu ya kikohozi. Kikohozi chenyewe hakikuwa kikubwa, ila nilipoushika mkono wa mtoto na kuufungua, kiganja kilikuwa kimepauka. Nikakiweka kando ya kiganja cha mama yake, tofauti ikaonekana wazi. Tukampima wekundu wa damu, tukakuta gramu 8 kwa desilita, wakati mtoto wa umri ule anatakiwa awe na gramu 11 au zaidi. Malaria hakuwa nayo, na kipimo cha selimundu kilikuwa salama.

Nikamwandikia dawa ya madini ya chuma na dawa ya minyoo, kisha nikauliza swali ambalo sisi matabibu mara nyingi tunalisahau kwa sababu ya foleni: "Mama, huyu anakula nini?"

"Anakula tunachokula sisi, dokta. Asubuhi chai ya rangi na kitumbua, mchana ugali na mchuzi, usiku wali na chai. Nyama mara mojamoja, siku ya Ijumaa, Mungu akijaalia."

"Na maharage je?"

Akatabasamu kwa haya. "Maharage napika, lakini baba yao hayataki. Anasema alikula ya shule mpaka akayachoka. Yeye supu yake anakunywa mgahawani asubuhi na wenzake. Nikipika maharage ni yangu mimi na watoto. Na huyu nikimpa tumbo linamjaa hewa, basi namshushia na chai."

Ndugu msomaji, katika maneno hayo machache mna mambo matatu. Kwanza, ndani ya nyumba ile maharage yalihesabiwa kuwa chakula cha mtu aliyekosa kingine. Pili, yalipikwa kwa namna inayojaza tumbo hewa. Tatu, kile kidogo alichokula mtoto kilifuatiwa na chai, na chai ndiyo inayouzuia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa hajaambiwa tu.

Ndani ya maharage mna nini?

Gramu 100 za maharage makavu zina protini kati ya gramu 20 na 24. Nyama ya ng'ombe mbichi isiyo na mafuta ina kiasi kinachokaribiana na hicho. Ni kweli kwamba maharage yakipikwa hunywa maji na uzito wake huongezeka zaidi ya mara mbili, kwa hiyo bakuli la maharage si sawa na bakuli lililojaa minofu. Lakini nenda dukani kwako, uliza bei ya nusu kilo ya maharage na ya nusu kilo ya nyama, hesabu utaifanya mwenyewe. Nusu kilo ya maharage makavu ina protini kiasi cha gramu 110. Ukiigawa kwa watu sita, kila mmoja anapata kiasi cha gramu 18 kwa mlo mmoja.

Protini ya maharage ina upungufu wake, na protini ya nafaka nayo ina upungufu wake, lakini kinachokosekana huku kinapatikana kule. Ndiyo maana wali kwa maharage, ugali kwa maharage, na makande ya mahindi na maharage ni vyakula vilivyokamilishana. Ukila supu ya maharage kwa chapati au kipande cha muhogo, hujala chakula cha kubabaisha. Muhogo, hata hivyo, hauna protini nyingi, hivyo usiufanye kuwa nafaka ya kila siku.

Aidha, maharage yana madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Yana vitamini iitwayo foleti, ambayo mama mjamzito anaihitaji sana, ingawa hilo halimwondolei wajibu wa kumeza vidonge anavyopewa kliniki. Vilevile yana nyuzinyuzi nyingi zinazolainisha choo na kuifanya sukari iingie kwenye damu polepole. Kwa hiyo hata mwenye kisukari anaweza kula, kwa kipimo na kwa kuangalia wanga anaoulia.

Usiku ambao mpishi wetu alilaumiwa bure

Nikiwa na umri wa miaka kama kumi na mitatu nilisoma madrasa ya bweni. Ulikuwa msimu wa masika na kuni zilikuwa zimelowa. Siku hiyo maharage mekundu yalibandikwa baada ya Alasiri bila kulowekwa, moto ukawa wa moshi mtupu, na baada ya Isha tukapakuliwa hivyohivyo kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Maharage yalikuwa yanagonga meno. Tulikula.

Haikupita saa tatu, bweni zima likawa halilaliki. Huyu anatapika, yule anakimbilia chooni, mwingine analia anashika tumbo. Ustadhi wetu hakulala, alikuwa akizunguka na ndoo na mtungi wa maji mpaka alfajiri. Kufikia mchana wengi wetu tulikuwa wazima, lakini lawama zote zilimwangukia mpishi, mzee wa watu. Ilisemwa kuwa ni mchafu, hanawi mikono, hafuniki vyombo. Haukupita muda akaacha kazi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha utabibu, nilisoma kuwa maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje nne au tano tu zisizoiva zinatosha kumdhuru mtu. Dalili zake huanza kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula: kichefuchefu, kutapika sana, kisha kuharisha, na kwa kawaida mgonjwa hupata nafuu ndani ya saa chache. Siwezi leo kuthibitisha yaliyotupata usiku ule, lakini dalili zile na muda ule havikunipa shaka kubwa. Nilimkumbuka mzee yule. Kilichokosekana jikoni kwake ni kuni kavu na muda zaidi wa moto.

Kwa hiyo shika kanuni hii: maharage yalowekwe angalau saa tano, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya kwa moto mkali, yatokote kwa dakika zisizopungua kumi, na ukifikisha dakika thelathini ni salama zaidi. Moto mdogo usiofikisha mchemko hauiondoi sumu hiyo, na kwa joto la namna hiyo madhara yanaweza hata kuongezeka. Wale wanaobana mkaa au gesi kwa kuhamishia sufuria kwenye kapu la kuhifadhi joto, wahakikishe mchemko wa nguvu umetangulia, na wasipakue mpaka punje zimelainika kabisa.

Mahitaji kwa watu sita

Maharage makavu nusu kilo. Yoyote yatafaa: ya njano, kablanketi, rozikoko au mekundu.
Maji safi lita mbili na nusu hadi tatu.
Vitunguu maji viwili.
Nyanya tatu zilizoiva.
Karoti mbili na viazi mviringo viwili.
Kitunguu saumu punje tano, na tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba.
Binzari nyembamba nusu kijiko cha chai, na manjano robo kijiko.
Mafuta ya kula vijiko viwili vya chakula.
Mchicha fungu moja, au majani ya kunde au matembele.
Chumvi kijiko kimoja cha chai, kisizidi.
Ndimu mbili.

Mwenye nazi anaweza kutia tui la kifuu kimoja, lakini supu hii inasimama bila nazi.

Namna ya kupika

Usiku, kabla ya kulala, mimina maharage kwenye ungo au sinia uyachambue. Toa mawe, punje zilizooza, zenye ukungu na zilizobunguliwa na wadudu. Punje zenye ukungu usizioshe ukazirudisha, zitupe. Baada ya hapo osha maharage mara mbili au tatu, kwa kuwa baadhi ya wauzaji huyahifadhi kwa dawa ya kuua wadudu. Loweka kwa maji mengi, yafunike maharage kwa kina cha vidole vinne, kisha funika chombo.

Asubuhi mwaga maji yale. Hayo ndiyo yaliyobeba sehemu ya sukari inayojaza tumbo hewa, na pia sehemu ya vitu vinavyoyashika madini ya chuma yasitumike mwilini. Suuza, tia maji mapya, bandika kwa moto mkali. Yakishatokota kama nilivyoeleza, punguza moto kidogo, funika, acha yaive. Maharage yaliyolowekwa huchukua kiasi cha saa moja hadi saa moja na nusu kwenye jiko la mkaa. Yasiyolowekwa huchukua muda mrefu zaidi, na mkaa unaoungua hapo ni pesa yako. Mwenye sufuria ya presha atatumia nusu saa au pungufu. Maji yakipungua ongeza ya moto.

Nyanya na ndimu zisiingie kabla maharage hayajalainika, maana uchachu huyafanya yawe magumu. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo huchelewesha kuiva, basi kama una maji ya mvua au ya bomba, tumia hayo.

Wengi huuliza kuhusu magadi. Ni kweli magadi yanaharakisha, lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na yanaongeza sodiamu, kitu ambacho mgonjwa wa shinikizo la damu anakikimbia. Ukiloweka usiku kucha huna haja nayo.

Maharage yakishaiva, katika sufuria nyingine kaanga vitunguu maji kwa mafuta mpaka vilainike. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha binzari nyembamba na manjano, geuza kidogo. Tia nyanya zilizokatwa, acha ziive mpaka zivurugike. Ongeza karoti na viazi vilivyokatwa vipande vidogo, mimina maharage pamoja na maji yake, tia chumvi, acha itokote dakika ishirini.

Hapo fanya jambo moja ambalo ndilo linaloifanya supu ishibishe. Chota upawa mmoja au miwili ya maharage, yaponde kwa mwiko mpaka yawe uji, uyarudishe sufuriani. Supu itakuwa nzito bila unga wala tui. Mwisho tia mchicha uliokatwa, acha dakika tatu tu, ipua. Viungo vya pakiti na vya vidonge vina chumvi nyingi. Kama lazima utumie, basi punguza chumvi uliyokusudia kutia. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichojaa.

Namna ya kula

Hapa ndipo mama wa yule mtoto alipokuwa akipoteza. Madini ya chuma ya kwenye nyama mwili huyachukua kwa wepesi, ya kwenye maharage huyachukua kwa uzito. Lakini yakikutana na vitamini C katika mlo mmoja, mwili unayachukua kwa wingi zaidi. Vitamini C ndiyo hiyo ya kwenye ndimu. Basi kamulia ndimu kwenye bakuli, supu ikiwa imeshapakuliwa, kwa sababu moto mwingi huiharibu. Pia unaweza kula chungwa, papai, embe au pera mara baada ya mlo.

Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, pamoja na kahawa, hufanya kinyume chake kwa kiasi kikubwa. Sikuambii uache chai. Nakuambia uitenge na mlo, iwe saa moja kabla au saa moja na zaidi baadaye. Kwa mtoto mdogo, chai haina anachomfaidisha. Mpe maji safi.

Mwezi wa Ramadhani jambo hili linahitaji uangalifu zaidi, kwani wengi wetu tunafuturu na kikombe cha chai kikiwa mkononi. Anza kwa tende na maji, ukaswali, ule supu yako yenye ndimu, kisha chai uisogeze mpaka baada ya Tarawehe. Hujakosa kitu, na damu yako imefaidika.

Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanzishiwa maharage kidogo kidogo, yawe yamelainika sana, yamepondwa na kuchujwa maganda, bila pilipili wala chumvi, huku akiendelea kunyonya. Ndugu zangu tuliosoma madrasa tunajua kuwa Qur'ani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na hospitali nayo inamshauri mama anyonyeshe mpaka miaka miwili na zaidi. Kuhusu hewa tumboni, ukiloweka na kumwaga maji, na ukaanza kwa vijiko viwili vitatu kisha ukaongeza siku hadi siku, tumbo huzoea.

Kiporo

Kiporo cha maharage ni kitamu, hilo silikatai. Lakini sufuria kubwa iliyofunikwa ikalala mezani usiku kucha ni mahali pazuri kwa vijidudu kuzaliana. Wapo vijidudu ambao mbegu zao haziuawi na mchemko wa kwanza. Supu ikibaki vuguvugu kwa muda mrefu huamka na kuongezeka. Kwa hiyo supu isikae nje zaidi ya saa mbili. Igawe kwenye vyombo vipana ipoe haraka, iweke kwenye jokofu. Asiye na jokofu apike kiasi cha kumalizwa siku hiyohiyo. Maharage mengine yaliyolowekwa anaweza kuyapika kesho yake, akibadilisha maji. Kiporo kinachoruhusiwa kuliwa kipashwe mpaka kitokote sufuria nzima, si kupata moto pembeni tu. Kikitoa povu au harufu ya kuchacha, kimwage. Kupasha moto hakutakirudisha.

Na kabla ya yote, mikono ioshwe kwa maji tiririka na sabuni, kabla ya kupika, kabla ya kula, na baada ya kutoka chooni au kumsafisha mtoto.

Wanaohitaji ushauri kwanza

Mgonjwa wa figo aliyepewa masharti ya chakula asile maharage bila kuzungumza na wanaomtibu, kwa kuwa yana madini ya potasiamu mengi. Mwenye selimundu asitumie vidonge vya madini ya chuma kwa kujiamulia. Na mwenye dalili za kupungukiwa damu, kama vile kupauka viganja, kuchoka haraka, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, asitegemee supu peke yake. Aende kupimwa. Malaria, minyoo, selimundu, hedhi nyingi na vidonda vya tumbo vyote vinaweza kupunguza damu, na kila kimoja kina tiba yake. Supu ya maharage haishindani na tiba. Inafanya kazi pamoja nayo.

Alivyorudi mama yule

Baada ya miezi miwili mama yule alirudi na mwanawe kama nilivyomwagiza. Wekundu wa damu ulikuwa umepanda kufikia gramu 10 na nusu. Sitasema ni supu peke yake. Dawa ndiyo iliyotangulia, na bado alitakiwa kuimaliza. Lakini dawa ina mwisho wake, na baada ya hapo mtoto anabaki na sufuria ya kwao.

Nikamuuliza habari za baba watoto. Akacheka. Alinieleza kuwa siku moja mumewe alirudi jioni akakuta bakuli limefunikwa mezani, supu nzito, ndimu pembeni na chapati mbili. Akala, akauliza ni supu ya nini. Alipoambiwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema aongezewe. "Sasa asubuhi anakunywa nyumbani, dokta. Ile pesa ya mgahawani ananiachia ya mboga na matunda."

Akina baba, hili ni letu sote. Watoto wanaangalia tunachokikalia mezani. Baba akiyadharau maharage mbele yao, nao watayadharau, na mama atabaki akipambana peke yake na mtoto mwenye viganja vilivyopauka. Akina mama nao, msiyapike kama adhabu ya mwisho wa mwezi. Yalowekeni mapema, yaiveni vizuri, yatieni viungo, kamulieni ndimu.

Usiku wa leo, in shaa Allah, kabla hujazima taa ya jikoni, loweka nusu kilo.

Wabillahi tawfiq.